Daftari la Mzee Entwistle

Kila Alhamisi jioni tulikutana penye jiwe la maili,
nje kidogo ya Otterthwaite, kando ya ukuta wa mawe na kondoo.
Siku ya jua watu kumi na tisa. Siku ya mvua saba,
na mimi miongoni mwao, mwanagenzi wa fundi bomba,
juu ya baiskeli ya mkopo, shilingi tano kila Ijumaa.

Hatukuwa mabingwa.
Gazeti la bonde lilitutaja mara moja
na likakosea jina la klabu.

Mzee Entwistle alishika saa.
Mbili, kwa kweli, moja kila mfuko,
maana saa moja, alisema, ni porojo;
saa mbili ni ushahidi.
Mwanawe Norman alichelewa mstarini siku moja
akilegeza ukanda wa kanyagio.
Dakika yake ikaondoka bila yeye.
“Sekunde ni sekunde, Norman. Haina baba.”

Mtu mmoja, dakika moja: ndizo zilizokuwa mbio zetu.
Hakuna kundi la kujificha, hakuna mgongo wa kukukinga upepo.
Clifford Haigh alikushika kiti kwa nyuma usianguke,
mikono yake ikinuka duka lake la samaki na chipsi,
akahesabu tano, nne, tatu,
na hata leo nikipita penye chipsi
miguu yangu hukaza yenyewe.

Maili tano kwenda, unazunguka pipa njia panda ya Hollin,
maili tano kurudi.
Kwenda ni mteremko, na mteremko ni mkopo.
Upepo wa magharibi alikuwa mwanachama wetu
asiyelipa ada na asiyekosa hata wiki moja.

Nilitaka kitu kimoja tu: chini ya dakika ishirini na tano.
Miaka mitatu nilikitaka.
Ishirini na tano na ishirini. Na kumi na moja. Na nne.
Sekunde nne!
Niliziota, nikanyoa miguu kwa ajili yake,
mama akauliza kama nimechumbiwa na mwendawazimu.

Kisha Julai moja, rasharasha, barabara nyeusi kama mgongo wa samaki.
Enid Tordoff wa posta, mwenye mapaja ya kututia aibu sote,
alianza dakika moja nyuma yangu
na kabla ya daraja akanipita.
“Usiniangalie mimi, angalia barabara!”
Nikaiangalia. Lakini niliona pia tope
likiruka kutoka gurudumu lake, hatua hamsini mbele,
na nikakataa hatua hizo zisiwe sitini.
Sikumbuki kilima. Nakumbuka ladha ya chuma kinywani,
na kondoo mmoja aliyeacha kutafuna.

Mzee Entwistle akatazama saa ya kulia.
Akatazama ya kushoto.
Akatazama kwa muda mrefu kuliko desturi yake,
maji yakimtiririka ukingoni mwa kofia.
“Ishirini na nne, hamsini na tisa.”

Ukumbini Clifford alinipa kipande cha pili cha keki
bila kunitoza. Hiyo ndiyo medali yangu,
na niliila.

Mzee alifariki majira ya baridi yaliyopita.
Norman, sasa mwenye mvi kuliko baba yake,
akaniletea daftari ndani ya kopo la biskuti.
Tukalifungua mezani. Julai. Jina langu. 24.59,
kwa penseli, na karatasi chini yake imekwaruzwa,
kama pana tarakimu nyingine iliyolala hapo,
au kama mvua tu.

“Baba hakufuta kitu,” Norman akasema.
“Hata mimi hakunifutia.”
Akageuka kutazama dirisha,
akatazama kwa muda mrefu, kwa desturi ya nyumba yao,
kisha akavua miwani yake, akanisogezea mezani.

Sikuichukua.
Nilimuuliza kama baiskeli yake ingali na hewa.